Ufunguo wa Wodi Uko na Nani?

Agneta Nangila hawezi kuvumilia nafasi iliyoachwa wazi. Ukimpelekea fomu ya shule na hujui mwaka aliozaliwa mkeo, atakurudisha nyumbani ukaulize. Nimemwona akimrudisha hata mchungaji. Hukaa kwenye varanda ya saiba yangu, duka la intaneti, hapa mtaa wa Tuwan, nyuma ya mashine ya taipu ya kijivu ambayo herufi moja huruka juu kidogo ya wenzake, na kila anayeketi mbele yake huulizwa mambo yale yale kwa mpangilio ule ule: jina lako, jina la baba yako, namba ya kipande, yaani kitambulisho, kijiji, sanduku la posta. Hata kama unataka tu kumjulisha shemeji yako kwamba mbuzi alifika salama.

"Lakini Mama Wamalwa, shemeji si ananijua?" mteja atalalamika.

"Na kama amekufa, atakayefungua barua atakujua?"

Mteja atatoa kipande.

Wamalwa ni mwanawe wa kwanza, ndiyo sababu sisi majirani tunamwita hivyo. Alipiga taipu katika ofisi za serikali hapa Kitale kwa miaka ishirini na sita, na makarani walipopunguzwa akaondoka na mashine hiyo aliyoipata kwenye mnada. Mimi nilipokuja kukodi chumba mwaka wa 2003, nikiwa na kompyuta nne kuukuu na laini moja ya simu, mwenye nyumba aliniambia chumba kina stima, kina maji siku tatu kwa wiki, na kina Agneta. Nilidhani ni mzaha. Wiki ya kwanza nilimwomba asogee kidogo wateja wangu wapite. Aliniangalia juu ya miwani, akaniuliza leseni yangu ya biashara inaisha tarehe ngapi. Sikujua. Tangu siku hiyo sijamwomba asogee.

Jina langu ni Kibe. Nilizaliwa Kiminini, wazazi wangu walikuja huko kulima wakitoka Nyeri. Mke wangu husema mimi ni mtu wa hasira za haraka na woga wa haraka zaidi. Nalisema mapema ili ukifika pale nilipotetemeka usishangae.

Sasa, habari ya wodi.

Kwao Agneta ni upande wa Misikhu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni. Kuna zahanati huko, na nesi mmoja anayeitwa Chelimo ambaye hufanya kazi ya watu watano. Kando ya zahanati ilijengwa wodi ya akina mama kwa pesa za maendeleo za eneo bunge. Ilikamilika mwaka wa 2004. Rangi ilipakwa, vitanda sita vikaingizwa vikiwa bado na nailoni zake, hata kifaa cha kumsaidia mtoto mchanga kuvuta pumzi kikaletwa ndani ya boksi. Kisha mlango ukatiwa kufuli, na ufunguo ukapelekwa kwa Mheshimiwa, mbunge wa huko.

Kwa nini? Kwa sababu wodi ilikuwa haijafunguliwa rasmi. Mheshimiwa alitaka kuja na waziri, na hema, na akina mama wa kuimba. Jiwe lilikuwa limeshajengwa ukutani kabisa, limechongwa: *Wodi hii imefunguliwa rasmi na* fulani, *Mbunge, tarehe*, halafu baada ya neno tarehe hakuna kitu. Jina lenyewe silitaji hapa. Analipenda mno, na mimi sina haja ya kumfurahisha. Kwanza waziri alikuwa na shughuli. Kisha ikanyesha. Kisha ikaja kura ya maamuzi na waziri na Mheshimiwa wakawa hawasalimiani. Miaka miwili jiwe likakaa hivyo, na Agneta kila akienda nyumbani alilipita akiumwa na kichwa, maana unajua sasa habari yake na nafasi zilizo wazi.

Mwaka wa 2005 Pauline, mke wa Wamalwa, alishikwa na uchungu asubuhi. Chelimo alimpima kwenye benchi la wagonjwa wa malaria, akaona mtoto amechoka tumboni. Akasema kinachotakiwa kiko ndani ya wodi, ndani ya boksi, nyuma ya kufuli. Wakampakia Pauline kwenye baiskeli kuelekea hospitali ya Webuye. Hakufika barabara ya lami. Mtoto alizaliwa kando ya njia, mvulana, na hakulia.

Agneta alinisimulia mambo hayo mara moja tu, akiwa anabadilisha utepe wa mashine, na hakuyarudia.

Juni mwaka uliofuata akaniambia Pauline ni mjamzito tena, na mtoto anatarajiwa Oktoba. Alilisema kama mtu anayesoma tarehe ya kesi.

Wiki hiyo hiyo gazeti moja la Nairobi lilianzisha jambo jipya kwenye tovuti yake. Mwananchi alituma swali kwa barua pepe, mwanasiasa akajibu mwenyewe, na majibu yakawekwa mtandaoni kila Jumatatu. Yale mazuri yalichapishwa gazetini pia. Nilikuwa nikisoma orodha ya wanasiasa watakaoulizwa nilipoona jina la Mheshimiwa: wiki tatu za Julai zilikuwa zake. Nikatoka varandani kumwambia Agneta, na natamani ningesema nilifanya hivyo kwa uzalendo. Nilitaka tu kupiga domo.

"Anajibu yeye mwenyewe?" akauliza.

"Ndivyo wanasema."

"Hawezi kusema hayupo, ako kwa mkutano?"

"Hapana. Lazima ajibu."

Aliinuka. Kwa miaka mitatu niliyokuwa pale hakuwahi kuingia ndani ya saiba ila kuniuliza kama nina chenji. Siku hiyo aliingia, akaketi mbele ya kompyuta ya kwanza, akaweka vidole mahali pake bila kuangalia. "Haya, Baba Mukami. Nionyeshe barua inapitia wapi."

Hapa ndipo mimi nilipokosea, na nimekiri mbele ya watu wengi. Nilimfungulia anwani ya barua pepe, yenye jina lake na la Kitale, nikamwambia, "Hii ni kama sanduku la posta." Nilidhani nimefafanua vizuri sana. Lakini huku kwetu sanduku la posta si la mtu mmoja. Mimi nimelelewa na sanduku la shule ya msingi ya Kiminini, pamoja na familia zisizopungua hamsini. Kwao Agneta, kijiji kizima kilitumia sanduku la kanisa. Barua za mahari, za kazi, za mtoto aliye jela, zote zilipita humo, katekista akazisoma majina Jumapili baada ya ibada. Mtu mwenye sanduku lake peke yake angeonekana ana maringo, au ana jambo la kuficha.

Kwa hiyo Jumapili Agneta alipowatangazia watu wa kanisa kwamba Mheshimiwa anajibu maswali, na kwamba yeye ana sanduku huko mtandaoni, walifanya walichofanya siku zote. Walimpa maswali yao. Alirudi Kitale na daftari zima. Kila swali lilikuwa na jina, jina la baba, namba ya kipande na kijiji. Bi Nanyama aliuliza ni nani aliyekata miti ya shule. Mwingine aliuliza kwa nini daraja lina nguzo upande mmoja tu. Mzee Wakoli alitaka kujua kama ile miwani ya kusomea Biblia aliyoahidiwa mwaka wa 2002 ilikuwa njiani. La Agneta lilikuwa la mwisho: *Ufunguo wa wodi ya akina mama uko na nani, na ni kitu gani kinachomzuia asimkabidhi Nesi Chelimo?*

Ishirini na tisa kwa jumla. Aliyapiga siku mbili, moja moja, akayatuma yote kutoka kwa anwani yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mtaalamu wa kompyuta, mwenye cheti ukutani, na sikuona kosa lolote.

Jumatatu ilipofika alikuja mapema akiwa amevaa sketi ya kanisani. Tulifungua ukurasa. Mheshimiwa alikuwa amejibu maswali mengi, na kwa maneno matamu. Alimjibu mtu aliyejiita Simba wa Mlima, akamjibu Msema Kweli wa London, akamshukuru Malaika 77 kwa swali zuri kuhusu ajira kwa vijana. Sijui hata mmoja wao kama ana baba. Chini kabisa kulikuwa na aya moja kuhusu sisi.

*Nimepokea maswali ishirini na tisa kutoka kwa anwani moja. Wasomaji wasidanganyike. Huyo ni mtu mmoja tu, ameketi mahali huko Kitale, analipwa na wapinzani wangu aandike majina ya watu hewa. Mimi hujibu watu.*

Agneta alisoma mara mbili. Akavua miwani akaiweka juu ya meza. Aliulizia printa. Nikamchapia ile karatasi, naye akaikunja mara nne akaitia kwenye kifuko.

"Mama Wamalwa, pole," nikasema.

"Niliwaambia wakae vizuri wataje majina," alisema. "Nilimrudisha Nanyama nyumbani alete kipande. Mzee wa miaka themanini nimemuuliza jina la baba yake mara mbili ili nisikosee. Sasa nitawaambia nini?" Akalia, wazi, bila kujifunika uso. Nami nikashikwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, nikamfokea mteja wa kompyuta ya tatu ambaye hakuwa amefanya lolote.

Jumapili aliwasomea karatasi ile uwanjani mwa kanisa. Aliniambia wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Wakoli.

"Ati mimi ni hewa?" alisema mzee. "Si mwaka wa 2002 alikuja hapa akaniinua mkono mbele ya watu? Hewa iko na mukono?"

Siku ya Jumanne kijana mmoja mwenye koti na viatu vilivyochongoka aliingia saibani kwangu. Alijitambulisha kuwa Nyongesa, wa ofisi ya Mheshimiwa, Bungoma. Alizungukazunguka akigusa kompyuta moja moja.

"Niaje, mkubwa. Leseni ya hii biashara iko sawa?"

"Iko," nikasema.

"Poa. Kuna mtu anatumia mashine zako kuharibia Mheshimiwa jina. Tunajua si wewe. Tuambie tu ni nani, sisi hatuna maneno na wewe."

Nataka niandike kwamba nilisimama imara. Ukweli ni kwamba niliangalia sakafu. Niliwaza leseni, nikawaza karo ya binti yangu Mukami, nikawaza jina langu la Nyeri kati ya watu ambao si wa kabila langu. Sauti ilitoka varandani.

"Kijana. Kuja hapa."

Nyongesa akatoka. Agneta alikuwa ameshaweka karatasi mpya kwenye mashine.

"Kaa chini. Unatafuta mtu. Nitakuandikia vizuri upelekee mkubwa wako. Jina lako?"

"Mama, mimi sikuja—"

"Jina."

"Nyongesa."

"La baba?"

Sijui ni uchawi gani mwanamke huyu anao na lile benchi. Yule kijana aliketi. Alitaja jina la baba yake, akataja kijiji, akatafuta kipande mfukoni. Agneta akapiga taipu yote, kisha akasoma kwa sauti huku akipiga: "Mtu unayemtafuta ni Agneta Nangila, kipande namba hii hapa, mzaliwa wa Misikhu, yuko kwenye varanda hii kila siku isipokuwa Jumapili, saa mbili hadi saa kumi na moja. Hajalipwa na mtu. Anataka kujua ufunguo uko na nani." Akachomoa karatasi. "Tia sahihi hapa umepokea."

Kijana alitia sahihi. Akaondoka na karatasi yake, akiwa ameikunja kwa adabu.

Nilimwambia Agneta aache, inatosha, watu hawa hawana mchezo. Aliniangalia kama nilivyoangaliwa siku ile ya leseni.

"Ulisema ni kama sanduku," akasema.

"Nilikosea. Huko mtandaoni sanduku moja ni mtu mmoja. Wanahesabu masanduku."

"Basi kila mtu apate lake."

"Watu ishirini na tisa? Wengine hawajawahi kuona kompyuta, Mama Wamalwa."

"Hata mimi Juni nilikuwa sijaigusa. Jumamosi ufungue mapema."

Walikuja na lori la kanisa. Walikuwa ishirini na wanane, Agneta wa ishirini na tisa, wakajaa ndani, varandani, hadi mbele ya kinyozi. Akina mama walikuwa na vitenge vya sikukuu. Mzee Wakoli alikuwa na tai. Niliwafukuza wateja wangu wa kila siku, jambo ambalo sijawahi kufanya hata siku ya harusi yangu.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko kufundisha watoto kuogelea. Laini ya simu ilikatika mara saba. Nilieleza kwamba kila mmoja anahitaji neno la siri, lisilojulikana na mtu mwingine, na Mzee Wakoli akalitangaza lake kwa sauti ya kanisani. Nikamwomba achague jingine. Akatangaza jingine. Mwishowe Agneta akasema, "Papa, ninong'onezee mimi," naye mzee akamnong'onezea, na wote waliokuwa kwenye benchi wakaitikia kwamba hilo ni jina la ng'ombe wake. Bi Nanyama hakutaka siri yoyote. Alisema tangu aolewe hajaficha kitu na hataanza leo kwa sababu ya mbunge. Tukaweka tarehe yake ya kubatizwa.

Kisha Agneta akasimama katikati ya chumba. "Watu wangu, safari hii tuache miti, tuache daraja. Papa, uniwie radhi, tuache hata miwani. Tuulize kitu kimoja."

"Miwani imengoja miaka minne," alisema Mzee Wakoli. "Inaweza kungoja. Huyo mtoto wa Pauline hawezi."

Pauline mwenyewe alikuwa ameketi karibu na dirisha, mikono juu ya tumbo. Alikuwa wa kwanza. Alipiga kwa kidole kimoja, polepole, akikataa kusaidiwa: *Ufunguo wa wodi uko na nani?* Akaweka jina lake, jina la baba yake, kijiji, kipande. Wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine, maneno yale yale, hadi jua lilipokuwa linaingia kwa mlango wa nyuma. Wa mwisho alipomaliza, nilibaki nimesimama kando ya kompyuta ya nne. Mimi si wa eneo bunge hilo. Sina hata mche wa mahindi Misikhu. Lakini nilikumbuka nilivyoangalia sakafu mbele ya viatu vilivyochongoka, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Niliketi, nikaandika jina langu, jina la baba yangu, namba ya kipande na hata namba ya leseni ya biashara, nikauliza ufunguo uko na nani.

"Sasa tuko thelathini," Agneta akasema.

Jumatatu iliyofuata haikuwa tovuti peke yake. Gazeti lenyewe lilichapisha majina yote thelathini, moja chini ya jingine, bila namba za vipande, na mhariri akaongeza kwamba swali hilo limetoka kwa anwani thelathini tofauti. Nililiona kwa muuzaji wa magazeti nikanunua nakala zote alizokuwa nazo. Jina langu lilikuwa la mwisho, na lilikuwa limeandikwa sawasawa.

Mheshimiwa alijibu hivi: *Ufunguo uko salama katika ofisi yangu ya Bungoma, ukisubiri siku ya ufunguzi rasmi. Ofisi yangu iko wazi kwa kila mwananchi.*

Nadhani aliandika sentensi ya mwisho kwa mazoea tu. Agneta aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Jumatano lori la kanisa lilikwenda Bungoma. Nami nilikuwemo, nilifunga saiba. Ofisi ilikuwa chumba cha mapokezi chenye viti vinane, picha kubwa ya Mheshimiwa, na Nyongesa nyuma ya meza. Tulipoingia alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Mnatafuta nini?"

Agneta aliweka gazeti mbele yake. "Ofisi iko wazi kwa kila mwananchi. Sisi ni wananchi. Ufunguo uko hapa. Tumekuja kuchukua."

"Mama, si hivyo hufanywa bana. Lazima Mheshimiwa awepo."

"Mpigie."

Alipiga. Tulimsikia akisema ndiyo mkubwa, hapana mkubwa, kisha akafunika simu kwa kiganja. "Mheshimiwa anauliza mko wangapi."

"Mwambie hakuna mtu," alisema Agneta. "Kuna hewa tu."

Chumba kizima kilicheka, na hata Nyongesa, maskini, mdomo wake ulicheza kidogo kabla hajakumbuka anakula wapi. Mheshimiwa alikata simu. Tukakaa. Wazee walikalia viti, sisi wengine tukakalia sakafu, ngazi na mlangoni. Watu waliokuja kuomba barua za kazi walituuliza tunangoja nini, na walipoambiwa, wengine wakakaa nasi. Akina mama walianza wimbo wa kanisani, wa polepole, ambao hauna mwisho ukiamua usiwe nao. Ilipofika saa saba Nyongesa akasema lazima afunge ofisi aende chakula.

"Funga," Agneta akamwambia. "Utakuwa umetufungia ndani na ufunguo."

Nilimwona akiangalia ile picha kubwa ukutani, kisha akamwangalia Pauline, ambaye alikuwa amepewa kiti kilicho karibu na meza na alikuwa anapumua kwa shida kwa ajili ya joto. Alimwuliza yuko miezi mingapi. Pauline akamwambia. Akauliza kama ni wa kwanza. Pauline akasema, "Ni wa pili. Wa kwanza alizaliwa njiani. Vitu vya kumsaidia vilikuwa ndani ya hiyo nyumba."

Nyongesa hakupiga simu tena. Alivuta droo, akapekua chini ya kalenda na kofia za kampeni, akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi na kipande cha kadibodi. Aliuweka mezani.

Ungedhani Agneta angeunyakua. Alivuta kwanza kitabu cha wageni. Mahali pa jina akaandika jina, mahali pa kipande akaandika kipande. Mahali pa sababu ya kuja aliandika: *Kuchukua ufunguo wa wodi.* Mahali pa maoni: *Umechukuliwa.* Kisha akamgeuzia Nyongesa kitabu. "Andika umetoa. Kesho wasiseme tuliiba."

Aliandika. Nasikia kazi hiyo hakudumu nayo, na sasa anauza vipuri vya baiskeli Webuye. Agneta humtumia wateja.

Wodi ilifunguliwa Alhamisi, bila hema wala waziri. Chelimo alisimama katikati ya vitanda sita akavua nailoni moja moja, na vumbi la miaka miwili likamfanya apige chafya hadi machozi yakamtoka. Alisema ni vumbi.

Tarehe kumi na tisa Oktoba, mchana, Pauline alijifungua humo ndani. Mtoto alitoka amelegea, wa rangi isiyo nzuri. Agneta alikuwa mlangoni na anasema aliposikia kimya hicho alimkumbuka yule mvulana wa njiani. Chelimo akachukua kile kifaa, akamfunika mtoto pua na mdomo, akaanza kumpa pumzi, akihesabu kwa lugha ya kwao. Kisha mtoto akakohoa, akalia. Ni msichana. Anaitwa Nangila, na ana sauti ya bibi yake.

Juma lililofuata Agneta alimleta fundi wa mawe kutoka Misikhu. Alimwonyesha jiwe la ukutani na ile nafasi baada ya neno tarehe, akamwambia aandike siku aliyozaliwa mjukuu, akamsimamia kazi yote, asije akakosea tarakimu.

Pasaka ya mwaka huu Mheshimiwa alifika kule kutafuta kura, na mimi nilikuwa nimealikwa kula. Alipita mbele ya wodi akisalimia watu, akaliona jina lake akatabasamu, kisha akaona tarehe. Alisimama. Ndani, mtoto wa mtu alikuwa analia na Chelimo alikuwa anamwambia mama fulani asukume.

"Sikumbuki kuja hapa tarehe hii," alisema. "Nani aliandika?"

Agneta alikuwa hatua tatu kutoka kwake, mjukuu mgongoni, amejiandaa kutaja jina lake, la baba yake na kipande. Nilimwona akifungua mdomo. Lakini Mzee Wakoli alimtangulia. Alisogea mbele akiegemea fimbo, bila miwani, akamtazama Mheshimiwa kutoka karibu sana kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Ni mutu mmoja tu, Mheshimiwa," alisema. "Ameketi mahali huko Kitale."